Mbuzi wa Mdomo

"Sikutukana! Nilisema!"

"Ulitukana, Mama Winfred. Usinizungushe. Ulisema neno la choo kwa grupu iko na pasta."

"Kwani pasta haendi choo?"

Ciku alijishika mdomo kama aliyefunua unga akakuta nyoka amejikunja ndani. Alikuwa amesimama upande wake wa ua wa minyaa, leso imefungwa vibaya, mswaki mkononi, maana habari hii ilimtoa nyumbani kabla hajamaliza meno. Upande wa pili Igoki alikuwa na ungo wa ndengu, akipeta kwa hasira mpaka ndengu nzima nzima zilikuwa zinaruka na kuwaangukia kuku, ambao hawakuwa na kosa na hawakulalamika.

"Mimi sikuja kugombana," Ciku alisema, kama wasemavyo wote waliokuja kugombana. "Mimi nimekuja kama jirani wa miaka kumi na tisa. Na pia kama naibu admini."

"Sasa nani anaongea? Jirani ama naibu?"

"Naibu." Ciku alishusha sauti. "Mwenyekiti amekutoa kwa grupu saa kumi na mbili asubuhi. Na ameandika kwamba hakuna mama wa kikundi atakanyaga kwako Jumamosi mpaka kamati iamue. Si mimi, ni yeye. Mimi nilikuwa nimeshaloweka nguo nije nikupigie chapati."

Ungo ulisimama hewani.

Sasa, ili msikilizaji asibaki nje ya ua, kijiji cha Kamurugu kiko nyuma ya Siakago, pale ardhi inapoanza kuwa nyekundu na kavu na mbuzi wanapoanza kuwa wengi kuliko watu. Kina grupu ya simu iitwayo Kamurugu Amani na Maendeleo, wanachama mia moja arobaini na watatu, na mwenyekiti wake ni Mwalimu Salesio, mwalimu mkuu mstaafu, mtu ambaye hajawahi kutoa neno chafu kinywani tangu azaliwe. Jumapili jioni Mwalimu Salesio aliandika hivi:

*Kwa heshima na taadhima, na kwa unyenyekevu mkubwa, ofisi inawajulisha wanachama wapendwa kwamba hema, viti na sufuria za kikundi zitahitajika kwa shughuli muhimu nyumbani kwa mwenyekiti Jumamosi hii. Waliokuwa wameagiza mapema wanaombwa kwa upendo waagize upya mwezi ujao. Mbarikiwe.*

Shughuli muhimu ilikuwa kuombea gari la mwanawe Oscar. Gari lenyewe lilikuwa limeombewa na wenye nalo wawili kabla yake.

Na aliyekuwa ameagiza mapema alikuwa Igoki. Jina lake lilikuwa kwenye daftari la kikundi tangu mwezi uliopita, kwa mwandiko wa Mwalimu mwenyewe, wenye mikia mizuri. Jumamosi hiyo wakwe walikuwa wanakuja kutoka Kanyakine kumposa binti yake. Igoki aliposoma ule unyenyekevu wote, alibonyeza simu akatuma grupuni sauti ya sekunde arobaini. Sekunde thelathini na nane zilikuwa hoja. Alitaja daftari, alitaja tarehe, alitaja hema la mwaka juzi lililokwenda kwa mwenyekiti likarudi na tundu. Sekunde mbili za mwisho alisema, "Salesio, wewe ni mavi ya mbuzi."

Zile thelathini na nane hakuna aliyezikumbuka.

*

"Watu wa Kanyakine watasema wanaoa kwa boma ya wachawi," Winfred alisema.

Alikuwa amekaa kwenye kigoda jikoni, simu mapajani, akisoma yaliyoandikwa grupuni tangu asubuhi. Winfred alifundisha chekechea, na alikuwa na sauti ile ya kumwambia mtu mzima aketi vizuri. "Pasta ameandika mithali tatu kuhusu ulimi. Mama Rose ameweka picha ya malaika analia. Kuna mtu ameuliza kama hii ndiyo ile grupu ya kuuza kuku, lakini wamemnyamazisha. Mama, ungesema tu 'nimehuzunika'."

"Sikuwa nimehuzunika."

"Basi 'nimesikitika'."

"Winnie, mtu akikukanyaga kidole huwa unasema umesikitika?"

Baba yake Winfred, Mbogo, alikuwa mlangoni akimchambua kupe mbuzi mmoja masikioni. Mbogo alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache aliyatumia kwa mbuzi. Aliwapa majina yote kumi na mmoja. Mkubwa wao, beberu mweupe aliyehasiwa, mwenye ndevu na tumbo, aliitwa Diwani, kwa sababu alikula shamba la kila mtu na hakuna aliyethubutu kumgusa.

"Nenda umwombe msamaha," Mbogo alisema bila kugeuka.

"Mimi? Yeye ndiye ameninyang'anya sufuria!"

"Sufuria haijalia. Mtoto ndiye analia."

Igoki aligeuka. Kweli, Winfred alikuwa anajipangusa kwa ncha ya sweta, kimya kimya, akijifanya ni moshi. Moto haukuwa umewashwa.

Hapo ndipo simu iliita. Alikuwa Gitobu, mjomba wa Mwenda, yule kijana wa kumwoa Winfred, na msemaji wa wakwe, mtu aliyezungumza simu kama anayeita ng'ombe ng'ambo ya bonde. Hata bila kuweka spika, jikoni nzima ilimsikia.

"Mama! Habari za huko kwenye jua? Tutakuwa ishirini na sita! Usisumbuke na mambo makubwa! Unajua sisi Wameru tukifika kwa watu hatuangalii nyumba, hatuangalii viti. Tunaangalia nani anakoroga chungu! Boma lenye majirani, hilo tunajua mtoto amelelewa na watu! Boma lisilo na majirani, hata utupe ng'ombe, tunarudi na gari letu!"

Alicheka. Igoki alicheka pia, kicheko kikavu kama kuni za mgunga.

"Karibuni sana, baba," alisema. "Hapa kwetu ni majirani tu. Hata pa kukanyaga hakuna."

*

Jumanne alikwenda. Alivaa ile nguo ya kanisani na viatu vinavyobana, akabeba kilo mbili za ndengu ndani ya kikapu, maana huwezi kwenda kuomba msamaha mikono mitupu, utaonekana hata msamaha huna.

Mwalimu Salesio hakumkaribisha ndani. Alimwacha langoni dakika ishirini, kisha akatoka akiwa na tai, akamwonyesha mtungi wa plastiki uliopinduliwa.

"Keti, mama. Pole kwa kusubiri. Nilikuwa najibu barua."

Igoki aliketi juu ya mtungi. Kutoka hapo aliweza kuona kupitia lango: sufuria tano kubwa za kikundi zimepangwa ukutani kama wanafunzi, na gari la Oscar, la bluu, limefunikwa kwa hema la kikundi lisichomwe na jua.

"Mwalimu, nimekuja. Juzi nilipandisha hasira. Neno lile nisamehe."

"Neno lipi?"

"Lile."

"Sema umesema neno lisilofaa kwa kiongozi." Mwalimu alitoa simu akaielekeza usoni pa Igoki. "Wanachama wamekasirika sana. Lazima wasikie wenyewe. Endelea."

Igoki alitazama lile jicho dogo la simu. "Mimi Igoki naomba msamaha kwa neno nililosema juzi."

Mwalimu alisikiliza tena, kichwa kimeinama kama anayesahihisha insha. "Hapana. Hii haina unyenyekevu. Umesema kama mtu anasoma bei. Rudia, na useme 'kutoka moyoni'."

Akarudia. Safari ya pili jogoo aliwika katikati, Mwalimu akasema haitafaa, watu watacheka. Safari ya tatu Oscar alitoka kuangalia gari, akasimama na kikombe cha chai akitazama kama sinema. Igoki alisema kutoka moyoni. Alisema kiongozi mpendwa. Alisema hatarudia. Shingo ilikuwa inamwaka moto, na mtungi ulikuwa unamchora duara makalioni, lakini akilini alimwona Winfred akijipangusa kwa sweta, akasema yote.

"Vizuri," Mwalimu alisema, akatia simu mfukoni. "Nitaiwasilisha kwa kamati kesho. Uamuzi si wangu, unajua. Mimi ni mtumishi tu." Akachukua kikapu cha ndengu. "Hiki nitakirudisha."

Hakukirudisha.

*

Mkutano ulifanyika Jumatano mchana kwenye kanisa la mabati kando ya soko, na hakuna mkutano wa maji, wa shule wala wa barabara uliowahi kujaza watu hivyo. Wengine walileta viti vyao. Walikuja kujadili swali zito: je, mwanachama anaruhusiwa kutukana kwenye grupu?

Pasta alisema haruhusiwi. Mwenye duka alisema inategemea tusi. Mama mmoja alisema kuna matusi ya kawaida na matusi ya mzazi, na haya hayakuwa ya mzazi. Kijana mmoja alisema ukitaka kuona matusi uende grupu za mpira, huku ni Jumapili ya watoto. Mwalimu Salesio aliwaacha wachemke, kisha akasimama.

"Ndugu zangu, hili si jambo langu. Mimi nimeshasamehe. Lakini mama huyu hakunitukana mimi. Mimi ni kiti tu. Ametukana wanachama wote mia moja arobaini na watatu. Katibu, andika hivyo."

Kathuri, katibu, aliandika. Kathuri alikuwa pia mwenye spika za kukodisha, zile za matanga na mikutano ya injili, na alikuwa amezileta bila kuombwa, kwa sababu mtu mwenye spika haoni jambo dogo.

"Sasa soma shitaka," Mwalimu alisema.

Kathuri alikohoa. "Kwamba mnamo Jumapili jioni, mwanachama aliyetajwa alimwita mwenyekiti... alimwita yale ya... neno la M, la mnyama mdogo."

Nyuma kabisa, karibu na birika la chai, Rwamba aliinua kichwa. Rwamba ndiye aliyekuwa mkongwe kuliko wote kijijini. Hakuwa na simu. Uanachama wake ulikuwa wa daftari la zamani, wa wakati kikundi kilikuwa kamba mbili na sufuria moja. Enzi zake alikuwa mkunga, na nusu ya waliokuwa mle ndani alikuwa amewapokea kwa mikono yake miwili, ndiyo maana wote walimwita Cucu, yaani nyanya.

"Neno gani?"

"Lile baya, Cucu."

"Mabaya ni mengi. Lipi?"

Watu walitazama viatu. Pasta alifungua Biblia akatafuta mstari ambao haukuwepo.

"Mnamshitaki mtu kwa neno ambalo hakuna mwenye ujasiri wa kulitaja?" Rwamba alisema. "Mimi sina simu. Nitahukumu nini?"

"Kathuri, mchezee Cucu ile sauti," mtu alisema, na wengine wakaitikia kwa haraka iliyowaumbua. Watu mia walikuwa wameisikiliza peke yao mara kumi kumi, sasa walitaka kuisikia wakiwa pamoja.

Na hapo Kathuri akafanya kosa ambalo ni mtu mwenye spika tu anayeweza kulifanya. Aliunganisha simu. Alisahau kwamba ile spika kubwa ya tarumbeta bado ilikuwa juu ya paa tangu Jumapili, ikitazama soko.

Sauti ya Igoki ilitoka kama ya malaika mwenye hasira. Sokoni muuza nyanya alisimama na nyanya mkononi. Bodaboda zilizimwa. *Salesio, jina langu liko kwa daftari tangu tarehe tano, umeliandika wewe mwenyewe! Hema la mwaka juzi ulilirudisha na tundu, tukanyamaza! Viti vya mazishi ya Njeru vilikaa kwako miezi miwili, tukanyamaza! Leo mtoto wangu anaposwa, wewe unachukua sufuria ukaombee gari...* Na kadhalika, sekunde thelathini na nane nzima, neno moja moja, likigonga bati na kurudi. Kisha zile mbili.

Halafu kutoka sokoni, mbali, mtu akapiga makofi.

Rwamba alikunywa chai kwanza. "Nimesikia," alisema. "Zamani mtu akipiga kelele tulikuwa tunauliza kwanza amekanyagwa wapi. Hii ya sufuria ni kweli?"

"Cucu," Mwalimu Salesio alisema kwa upole mwingi, "tuko kwa ajenda ya nidhamu. Sufuria zitazungumzwa kwa mengineyo, muda ukiruhusu."

"Na ile neno imekuuma hivyo?"

"Kwa mtu wa hadhi yangu..."

"Salesio. Mimi ndiye nilikupangusa mavi yako ya kwanza. Meusi kama lami. Na hukulia hivi."

Mabega ya pasta yalikuwa yanatikisika. Igoki, aliyekuwa amekalishwa mbele peke yake kama mtoto aliyechelewa, aliinamisha kichwa asionekane. Lakini Mwalimu hakuwa mtu wa kuangushwa na mkunga. Alirekebisha tai.

"Kwa mujibu wa mila zetu za tangu jadi," alisema, "aliyetukana hulipa mbuzi. Mila ni mila. Napendekeza mbuzi mmoja mkubwa, wa kutakasa mdomo, aletwe nyumbani kwangu Jumamosi asubuhi na mapema. Nikiwa na nyama... yaani, kamati ikiwa imepokea, tutamrudisha mama huyu kwenye grupu."

Kila mtu alielewa ni wapi huyo mbuzi angeliwa, na kando ya gari la rangi gani. Maneno yote yalikuwa safi.

"Aletwe wapi?" Rwamba aliuliza.

"Kwangu, Cucu."

"Akafanye nini? Mbuzi wa mdomo havuki lango la aliyekosa akiwa na miguu. Anachinjwa pale mdomo ulipo. Aliyetukanwa ndiye anakwenda, kwa miguu yake, anakula, anapangusa mikono, neno limekwisha. Asiyekwenda kula, tusi linabaki limemkalia, na hakuna mtu wa kumtoa." Alisema hivyo kama anayeeleza jinsi ya kupika uji.

Igoki aliinua kichwa taratibu. Kuna wakati akili inafika kabla ya mwenyewe.

"Cucu," alisema, "na nikitukana watu wengi?"

"Wanakuja wote."

"Kathuri, nisomee. Nimetukana watu wangapi?"

Kathuri aliangalia daftari, akamwangalia mwenyekiti, akaangalia daftari tena. "Mia moja arobaini na watatu."

"Na vyombo, Cucu? Mimi sina sufuria ya watu kama hao."

"Aliyekosa anatoa mbuzi na moto. Vyombo wanabeba wanaokuja kula. Kwani ni arusi?"

"Hizo ni mila za kale!" Mwalimu Salesio aliruka. "Siku hizi tuko kwenye ulimwengu wa kidijitali!"

"Salesio," Rwamba alisema, "mila ni kama mbuzi. Huwezi kushika mguu mmoja uende nao kwako, halafu uambie ile mingine mitatu ibaki malishoni."

Pasta aliuliza kama kuna anayepinga. Mwalimu alifungua mdomo, lakini mia moja arobaini na wawili walikuwa wameshasikia neno nyama.

*

Alhamisi, Mwalimu alijaribu kurudisha heshima ya ofisi. Alimwagiza Kathuri aandike orodha rasmi ya maneno yaliyopigwa marufuku na aibandike grupuni, ili siku nyingine mtu asiseme hakujua.

Kathuri alikuwa mtu wa kazi kamili. Alikesha... la, tusimwongezee, alimaliza saa kumi alasiri. Orodha ilikuwa na matusi arobaini na moja, kwa Kimbeere, Kiswahili na Kiingereza, yamepangwa kwa alfabeti, mengine na maelezo. Kwa dakika moja kamati yenyewe iliandika uchafu mwingi kuliko wanachama wote tangu grupu ianzishwe. Mama mmoja alishukuru, akasema mawili alikuwa hayajui. Mwingine akaandika, *Katibu, umesahau lile la watu wa Gachoka*. Pasta, aliyekuwa shambani na hakuwa na miwani, alijibu, *Amina, ujumbe mzuri wa kutujenga.*

Winfred alimsomea mama yake, na kwa mara ya kwanza juma hilo alicheka mpaka akashika mlango. Igoki hakucheka sana. Alikuwa anamtazama Mbogo kupitia dirishani.

Mbogo alikuwa zizini. Diwani alikuwa ameweka kidevu juu ya goti lake, na Mbogo anamkuna kati ya pembe, pale mbuzi hawezi kujifikia. Igoki alitoka akaenda akasimama kando.

"Si lazima awe huyu," alisema.

"Wamesema mkubwa. Nikitoa mdogo, Salesio atasema haukutakasika." Mbogo hakuinua macho. "Nilikuwa nimempangia Krismasi tatu zilizopita. Kila Krismasi namwonea huruma. Sasa neno moja, Mama Winfred. Neno moja limemla."

Igoki alikosa pa kuweka mikono. Nyumbani kwa Mwalimu alikuwa amesema "kutoka moyoni" mara mbili na moyo haukuwa umejua. Sasa hakukuwa na simu, hakukuwa na tai, palikuwa na harufu ya mbuzi tu.

"Baba Winfred. Nisamehe."

Mbogo aliendelea kukuna. "Lakini ulisema vizuri ile ya viti vya Njeru."

"Sekunde thelathini na nane."

"Ungesimama hapo."

"Ningesimama hapo, nani angesikia?"

Diwani alikula kifungo cha koti la Mbogo.

*

Jumamosi saa nne, wageni wa kwanza kufika walikuwa sufuria. Zilikuja zimebebwa vichwani na wanawake watano, Ciku mbele, wakiimba. Walizichukua kwa Mwalimu alfajiri, na walipoulizwa walisema, kwa heshima na taadhima, kwamba ni agizo la mkutano, liko kwa kumbukumbu, aulize katibu. Hema lilifuata. Gari la Oscar lilibaki juani.

"Nimekuja kama jirani," Ciku alisema langoni, chapa tatu za unga tayari usoni. "Naibu nimemwacha nyumbani."

"Na mswaki?"

"Huo pia. Sogea, moto wako mdogo."

Mbuzi mmoja kwa watu mia moja na arobaini ni sawa na kumnawisha ngamia kwa kijiko, kila mtu alilijua hilo, kwa hiyo hakuna aliyekuja mikono mitupu. Kuna aliyeleta ndengu, kuna aliyeleta kunde, kuna aliyeleta kuku ambaye alisema alikuwa mgonjwa lakini si sana. Mwenye duka alileta mchele. Wazee walikaa na mutura, ule utumbo uliojazwa nyama na damu, upande wa wanaume wakijadili kama tusi la arobaini na moja ni tusi kweli au ni jina tu la mmea. Rwamba alikalia kiti chenye mgongo, akawa anaonja.

Wakwe walifika saa saba, magari mawili, koti na kofia, Mwenda katikati yao amenyooka kama mshumaa. Gitobu alishuka wa kwanza. Alisimama langoni akahesabu kwa macho. Wanawake arobaini motoni. Wazee. Watoto juu ya ukuta. Pasta anakata vitunguu.

"Woi," alisema. Kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo. "Mama, ulisema hakuna pa kukanyaga nikadhani ni maneno ya simu. Nimeposa watu tangu zamani, sijaona boma limependwa hivi. Hawa wote wamekuja kwa ajili ya mtoto?"

Igoki alimtazama Winfred, aliyesimama mlangoni na nguo ya kijani, macho yamekauka, yamejaa watu.

"Wamekuja kwa ajili yangu," Igoki alisema. "Nilizungumza nao kidogo Jumapili."

Ciku alipaliwa na moshi.

Nyama ilikuwa imepakuliwa, wote wakiwa na kipande kadiri ya kidole, hata Mbogo, aliyekuwa ameshika chake bila kukila, wakati watoto wa ukutani walipopiga kelele. Mwalimu Salesio alikuwa anapanda njia. Alivaa suti. Nyuma yake, mbali kidogo, Oscar na wageni wanane wa kuombea gari, ambao walikuwa wamekaa tangu asubuhi na soda moto na maombi marefu, na upepo ulikuwa unatoka upande wa Igoki.

Mwalimu alifika langoni akasimama. Hakuingia, hakurudi. Mkono ulikuwa juu ya mti wa lango, na macho yalikuwa juu ya sufuria. Vijiko vilibaki hewani. Mia moja arobaini na wawili walikuwa wameshaonja nyama. Mmoja alikuwa bado.

"Nimepita tu," alisema. "Kuangalia mali ya kikundi."

"Huyu ni nani?" Gitobu aliuliza. "Mbona haketi na wengine?"

"Ni mwenyekiti wetu," Igoki alisema.

"Yeye bado hajala," Rwamba aliongeza kutoka kitini, akitafuna. "Asipokula, lile neno linabaki lake."

Gitobu aligeuka, mfupa mkononi, uso umejaa hamu ya mtu anayependa habari. "Neno gani?" aliuliza, kwa ile sauti yake ya kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde. "Mama! Neno gani?"

Pasta aliangusha kisu. Ciku alifumba macho. Mwalimu Salesio alimtazama Igoki, na kwa mara ya kwanza uso wake haukuwa na barua, wala taadhima, wala mbarikiwe. Ulikuwa uso wa mzee mwenye njaa, amesimama juani na tai.

Igoki alichukua sahani. Aliijaza ndengu, akaweka juu kile kipande kilichokuwa kimetengwa, cha ubavu, kizuri kuliko vyote. Alimtazama Mbogo. Mbogo aliinamisha kichwa kidogo, ndiyo. Akaenda mpaka langoni nayo.

"Mkwe wangu anauliza neno gani, Mwalimu," alisema taratibu. "Nimjibu, ama utaingia ule?"